Akaunti mpya ya muuzaji: uchambuzi wa kisa cha dola 18,200 katika kiwanda cha korosho Mtwara

Kiwanda kidogo cha kubangua korosho mjini Mtwara kiliagiza mashine ya kufungashia kutoka India, ile inayovuta hewa yote ndani ya mfuko kabla ya kuuziba. Bei ilikuwa dola 26,000. Masharti yalikuwa ya kawaida kwa biashara ya aina hii: asilimia 30 malipo ya awali, yaani dola 7,800, na salio la dola 18,200 mashine ikishakamilika na kabla haijapakiwa melini. Malipo ya awali yalifika salama mwezi Julai. Salio lililipwa mwishoni mwa Septemba, wiki chache kabla ya minada ya korosho kuanza, na muuzaji hakuliona. Liliingia kwenye akaunti ya tapeli.

Kisa hiki ni cha mfano. Kiwanda na watu wake hawana majina, na tarakimu zimewekwa ili hesabu ifuatike. Lakini kila hatua iliyomo ni hatua ambayo matapeli wa barua pepe huipita kweli, na kwa mpangilio huu huu. Mwaka 2023 pekee, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao nchini Marekani kiliandikishiwa hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli wa malipo kupitia barua pepe za kibiashara. Wala si wadogo tu wanaoliwa. Kati ya 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia Facebook na Google invoisi za kughushi kwa jina la muuzaji wao halisi wa vifaa, na kampuni hizo zikamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alifungwa miaka mitano mwaka 2019.

Pale kiwandani kila mtu aliamini pesa ziliibwa Alhamisi ile ya malipo. Ukifuatilia kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayotunza barua pepe zao, wizi ulianza wiki sita nyuma, kwa barua ambayo haikutaja pesa hata kidogo.

Barua iliyofungua mlango

Katikati ya Agosti mhasibu alipata barua ya Kiingereza kutoka kwa aliyejiita msimamizi wa mfumo wa barua pepe. Ilisema kisanduku chake kimejaa kwa asilimia 98, na baada ya saa 24 barua zinazoingia zitaanza kurudishwa kwa watumaji asipobonyeza kitufe cha kuongeza nafasi. Aliisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya benki. Alibonyeza. Ukurasa uliofunguka ulifanana kabisa na wa webmail (barua pepe inayofunguliwa kwenye kivinjari) anaoutumia kila siku, na anwani yake ilikuwa imeshajazwa. Akaandika neno la siri; ukurasa ukamwambia amekosea. Akaandika tena, safari hii taratibu, akajikuta kwenye webmail ya kweli. Akadhani mtandao ulisumbua, akaendelea na shughuli zake.

Hakuna kilichotokea hapo kwa bahati. Onyo la kisanduku kujaa huchaguliwa kwa sababu kampuni nyingi ndogo zimeweka barua pepe zao kwenye hosting (seva ya kukodi) ya bei nafuu, kisanduku ni kidogo na hujaa kweli, hivyo onyo halimshtui mtu. Anwani iliyojazwa tayari humfanya aliyeipokea aone kwamba mfumo unamfahamu, kumbe imeandikwa ndani ya kiungo chenyewe, aghalabu baada ya alama ya #, na ukurasa umeisoma kutoka hapo. Kukataliwa mara ya kwanza ni hila ya kumfanya aandike mara mbili, ili tapeli awe na uhakika kwamba neno la siri halina kosa la uchapaji. Na kurudishwa kwenye ukurasa wa kweli humwondolea mashaka yaliyobaki.

Kufuli dogo lililoonekana juu ya ukurasa halikumsaidia pia. Kufuli lina maana moja tu: mazungumzo kati ya simu yako na ukurasa huo yamefichwa njiani. Halisemi lolote kuhusu mwenye ukurasa. Tangu shirika la Let's Encrypt lianze kutoa bure vyeti vya kufuli hilo mwaka 2015, hata ukurasa wa wizi hupata kufuli ndani ya dakika chache.

Alipaswa kutazama nini? Kwanza, kiungo. Kwenye kompyuta unapeleka kishale juu ya kitufe bila kubonyeza, na anwani inatokea chini ya kivinjari. Kwenye simu unakishikilia kitufe kwa kidole mpaka anwani itokee. Kisha unasoma sehemu iliyo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, na unaisoma kuanzia kulia. Anwani ya tra.go.tz ni ya TRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu inaishia na go.tz, na domeini hizo, yaani majina ya anwani za mtandaoni, hupewa taasisi za serikali tu. Anwani kama tra.go.tz.example.com haina uhusiano wowote na TRA. Mwenyewe ni example.com, na hayo mengine ya mbele ni pambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliandika. Watu wengi husoma kutoka kushoto, wakiona jina wanalolijua wanatulia. Matapeli wanalijua hilo na ndiyo maana jina zuri hulipanga mbele.

Pili, ombi. Msimamizi wa seva anaweza kukuongezea nafasi bila neno lako la siri, kwa kuwa nafasi inagawiwa upande wake. Ukiombwa neno la siri ili upewe kitu, simama hapo hapo.

Tatu, na hili ndilo tunalolipendekeza kuliko yote kwa mtu anayesoma barua mia kwa siku: programu ya kutunza maneno ya siri. Programu hiyo hujaza neno la siri pale tu domeini inapolingana herufi kwa herufi na ile iliyohifadhiwa. Jicho lako linaweza kuchoka saa tisa mchana, lakini programu haichoki. Ikikataa kujaza kwenye ukurasa unaoonekana ni ule ule wa kila siku, usiandike kwa mkono. Funga, kisha uingie kwa kuandika anwani mwenyewe.

Mara nyingine barua kama hii haiji na kiungo bali na kiambatisho. Zamani hatari kubwa ilikuwa faili za Word na Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro kwenye faili zilizotoka mtandaoni, na matapeli wakahamia kwenye faili zinazoishia na .html, .iso, .lnk, na mafaili ya zip yenye neno la siri lililoandikwa kwenye barua yenyewe. Sababu ya kuifunga zip namna hiyo ni kwamba kichuja virusi cha seva hakiwezi kuona ndani. Invoisi ya kweli haiji kwa .html. Ukiifungua, huwa ni ukurasa wa kuingia, ule ule wa kuiba neno la siri, ila safari hii umehifadhiwa ndani ya simu yako na hauna hata anwani ya kukagua.

Wiki sita za kusoma

Tapeli aliingia usiku ule ule. Hakutuma kitu. Alitafuta ndani ya kisanduku maneno ya Kiingereza ya invoisi, malipo, benki na TT (uhamisho wa pesa kupitia benki), akakuta mazungumzo yote na muuzaji wa mashine: proforma (invoisi ya awali), risiti ya benki ya malipo ya awali, picha za mashine ikiundwa, na tarehe inayotegemewa kukamilika. Alijua kiasi, alijua mwezi, alijua nani anaandika na nani anasaini.

Kisha akaweka vitu viwili. Cha kwanza ni anwani ya nje ya kupelekewa nakala ya kila barua inayoingia, ili aendelee kusoma hata neno la siri likibadilishwa. Cha pili ni kanuni ya kuchuja: barua yoyote kutoka domeini ya muuzaji ihamishwe kwenye folda ambayo hakuna mtu anayeifungua, na iwekwe alama kwamba imeshasomwa. Kanuni hii aliiwasha siku chache tu kabla ya kuchukua hatua, ili muuzaji asionekane amenyamaza muda mrefu.

Hapa ndipo kiwanda kingeweza kuokoka kwa kazi ya dakika tano kwa mwezi. Ingia kwenye mipangilio ya barua pepe, fungua sehemu ya vichujio na sehemu ya kuelekeza barua, na ufute ambacho hukukiweka mwenyewe. Kwenye Gmail sehemu hizo ni mbili tofauti ndani ya mipangilio, na hazionekani kwenye programu ya simu, lazima kompyuta. Kwenye hosting yenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva ya kukodi, kuna vichujio vya kisanduku kimoja kimoja na kuna vya akaunti nzima, na tapeli huweza kutumia popote. Ukikagua kimoja ukaacha kingine hujakagua.

Uthibitishaji wa hatua mbili ungemzuia pia, au angalau ungemchelewesha sana. Kiwanda hakikuuwasha kwa sababu kisanduku cha uhasibu kilitumiwa na watu wawili kwa neno la siri moja, na msimbo ungekuja kwenye simu ya mmoja. Sababu hii tunaikuta mara kwa mara, na dawa yake ni kila mtu kuwa na kisanduku chake, halafu anwani ya pamoja iwe ni jina tu linalogawa barua kwa wote wawili. Tuongeze kwamba si kila hatua ya pili ina nguvu sawa. Msimbo wa SMS unaweza kuibwa kwa kuhamishia laini yako kwenye kadi nyingine. Msimbo wa programu ya simu ni bora, ila ukurasa wa wizi uliotengenezwa vizuri unaweza kuupokea na kuutumia papo hapo. Kisichoibika kwa njia hiyo ni ufunguo wa usalama wa USB au ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu, kwa kuwa hufungwa na domeini ya kweli na hukataa kufanya kazi kwingine.

Barua ya pili

Jumatano, saa nane mchana, mhasibu alipata jibu ndani ya mazungumzo yale yale. Chini yake kulikuwa na barua zote za nyuma tangu Mei. Saini ilikuwa ya meneja mauzo yule yule, na nembo yake. Kiingereza kilikuwa safi. Ushauri wa kwamba barua ya tapeli utaijua kwa makosa ya lugha haufai tena kutegemewa. Hapa nusu ya maneno yalinakiliwa kutoka barua halisi za muuzaji.

Ilisema mashine iko tayari na meli inafunga kupokea kontena Ijumaa. Akaunti ya kawaida iko kwenye ukaguzi, kwa hiyo salio lilipwe kwenye akaunti nyingine ya kampuni, na proforma iliyorekebishwa imeambatishwa. Ilikuwa PDF ile ile, nambari ile ile ya proforma, jumla ile ile. Mistari minne ya chini tu ndiyo iliyobadilika: jina la benki, msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki kimataifa), nambari ya akaunti na nchi. Muuzaji yuko India. Benki mpya ilikuwa nchi nyingine kabisa.

Mhasibu hakuwa mzembe. Alibonyeza kitufe cha kujibu, akauliza kwa nini benki iko nje ya India. Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini, lenye maelezo ya kutosha na barua ya uthibitisho yenye muhuri. Kosa lilikuwa njia ya kuuliza. Swali lake lilimfikia yule yule aliyeandika, na ukimuuliza mwizi kwa njia aliyokufungulia yeye, atakujibu haraka na kwa adabu. Mkurugenzi alikuwa kwenye nakala, au ndivyo ilivyoonekana: jina lake lilikuwepo, lakini anwani iliyo nyuma ya jina ilikuwa ya kughushi, hivyo kila aliyebonyeza "jibu wote" hakumfikia.

Mhasibu akampigia simu mkurugenzi.

"Shikamoo mzee. Wale wa mashine wamebadilisha akaunti."

"Marahaba. Invoisi unayo?"

"Ninayo, na barua ya benki wametuma."

"Basi lete nisaini, meli isituache."

Barua ilichapwa, ikawekwa mezani, ikasainiwa. Karatasi ilionyesha jina la mtumaji bila anwani yake. Hili ni jambo dogo lenye madhara makubwa katika ofisi zetu, ambako mwenye kusaini husoma karatasi na mwenye kusoma barua hasaini. Anwani ya kughushi ingeweza kuonekana na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa akiitazama kwenye simu inayoficha anwani na kuonyesha jina.

Anwani yenyewe ilitofautiana kidogo sana. Jina la muuzaji lina neno modern. Domeini ya tapeli iliandikwa modem. Herufi r na n zikikaribiana kwenye skrini ndogo huwa kama m, na ubongo unaosoma haraka hukubali neno unalolitarajia. Hila nyingine za jamaa hiyo ni herufi l na tarakimu 1, herufi O na sifuri, kuongeza kistari, au kubadilisha .com kuwa .co. Njia ya kuikamata ni kunakili anwani, kuibandika kwenye ukurasa mtupu wa Word, na kuikuza hadi ukubwa wa 40 kando ya anwani ya zamani kutoka kwenye mkataba. Modem na modern kwa ukubwa huo hazifanani tena.

Vichwa vya barua vilisema nini

Kila barua pepe ina maandishi yaliyofichwa juu yake yanayoeleza ilipopita. Kwenye Gmail unayapata kompyutani kwa kubonyeza nukta tatu pembeni ya ujumbe na kuchagua "Show original". Kwenye webmail nyingi kuna kipengele cha kuonyesha chanzo cha ujumbe.

Sababu ya kuyahitaji ni ya zamani. Kanuni za kupeleka barua pepe, SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti waliofahamiana, na hazikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba aliyeandika jina fulani ndiye mwenye jina. Kiraka kilikuja miaka mingi baadaye. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya domeini. DKIM hutia saini ya kihesabu inayoharibika barua ikiguswa. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini kama vyote viwili vimeshindwa kulingana na jina linaloonekana kwa msomaji.

Barua ya pili ilipita vyote vitatu. Mstari wa matokeo ulionyesha spf=pass, dkim=pass, dmarc=pass. Kijana wa IT aliyeitwa kusaidia alipoona hivyo alisema barua ni halali, na muda wa thamani ukapotea hapo. Vipimo hivi hujibu swali moja: je, barua imetoka kweli kwenye domeini iliyoandikwa? Jibu lilikuwa ndiyo, imetoka kwenye modem, domeini ambayo tapeli aliinunua na kuiwekea SPF, DKIM na DMARC kama mfanyabiashara makini. Hakuna kipimo kati ya hivyo kinachouliza kama mwenye domeini ni mwaminifu. Kilichomuumbua ni kumbukumbu za WHOIS, daftari la usajili wa domeini: domeini ilisajiliwa siku sita kabla ya barua, ilhali muuzaji anasema yuko kwenye biashara miaka kumi na miwili.

Mistari inayoanza na Received husomwa kutoka chini kwenda juu. Wa chini kabisa ndio wa kwanza kwa wakati. Ile iliyoandikwa na seva yako mwenyewe, juu, unaweza kuiamini. Ya chini inaweza kuwa imebuniwa na mtumaji. Kagua pia Reply-To: ikitaja anwani tofauti na ya From, jibu lako litakwenda kusikojulikana.

Jumatatu

Malipo yalitoka benki Alhamisi alasiri. Jumatatu asubuhi meneja wa India alipiga simu ya WhatsApp kuuliza mbona wamenyamaza, barua zake tatu hazijajibiwa. Zote tatu zilikutwa kwenye ile folda.

Kilichofuata kilifanyika kwa mpangilio mbaya, kama inavyotokea kwa wengi. Saa mbili za kwanza zilitumika kubishana na muuzaji nani alaumiwe, na saa nyingine kubadilisha maneno ya siri. Benki ilipigiwa karibu saa saba mchana. Ilitakiwa iwe ya kwanza. Benki iliyotuma hupeleka kwa benki iliyopokea ujumbe wa kuomba malipo yafutwe. Katika mfumo wa zamani wa SWIFT ujumbe huo uliitwa MT192, nao ulirejelea nambari ya MT103, ujumbe wa malipo yenyewe. Kwa hiyo kabla hujainua simu uwe na nakala ya MT103, au ya ujumbe ulioichukua nafasi yake, mkononi. Pesa zikiwa njiani bado, ombi lina nguvu. Zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, benki ya huko kwa kawaida haiwezi kuzirudisha bila idhini yake au amri ya mamlaka, ila inaweza kuzizuia kama imejulishwa rasmi kuwa ni za wizi. Hapa zilikutwa dola 2,950 tu, zikazuiwa. Nyingine zilikuwa zimeshahamishwa.

Wengi huuliza mbona benki ya huko haikushtuka kuona jina la kampuni ya India kwenye akaunti ya mtu mwingine. Malipo mengi ya kimataifa huingizwa kwa nambari ya akaunti, na kulinganisha jina hakufanywi kila mahali. Usitegemee jina ulilolijaza kwenye fomu kuwa kinga.

Ushahidi nao ulikaribia kupotea. Mhasibu, kwa hofu, alitaka kufuta barua zote za tapeli. Usifute. Pakua kila barua kama faili la .eml, kwa sababu barua ikisambazwa kwa kitufe cha kawaida vichwa vyake vya asili hubaki nyuma, na picha ya skrini haina vichwa kabisa. Piga picha vichujio na anwani ya kuelekeza barua kabla ya kuviondoa. Mwombe mwenye hosting kumbukumbu za kuingia, zenye tarehe na anwani za IP, na umwombe siku hiyo hiyo, maana seva nyingi huzifuta baada ya muda mfupi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, na katika kuupima mahakama hutazama jinsi ulivyotunzwa na kama unaaminika.

Kituo cha polisi walifungua jalada na kutoa RB, nambari ambayo benki za pande zote mbili zitaihitaji. Makosa yenyewe yamo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kifungu cha 4, ulaghai kwa kompyuta ni cha 12, kujifanya mtu mwingine ni cha 15. Taarifa ya kiufundi ilipelekwa TZ-CERT, kikosi kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Na kwa kuwa kisanduku kilikuwa na nakala za vitambulisho vya NIDA na orodha ya mishahara ya wafanyakazi, kuna jukumu lingine linalosahaulika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu kuijulisha Tume inayosimamia sheria hiyo zinapovuja. Wafanyakazi nao waambiwe, maana barua za utapeli zitakazofuata zitawataja kwa majina kamili.

Kusafisha kisanduku kulianza kwenye kompyuta nyingine isiyo na mashaka: neno jipya la siri, kufunga vikao vyote vilivyo wazi, kuondoa vichujio na uelekezaji, kukagua namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, na kufuta programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Ukibadilisha neno la siri peke yake, ule uelekezaji unaendelea kumpelekea tapeli kila kitu.

Kilichobadilishwa

Kanuni ya kwanza iliyobandikwa uhasibuni ina mstari mmoja: akaunti ya benki ya muuzaji haibadilishwi kwa barua pepe. Ombi likija, mtu wa pili, si yule aliyepokea barua, anapiga simu kwenye namba iliyo kwenye mkataba wa mwanzo. Namba iliyo kwenye barua yenye ombi haitumiki, hata kama inafanana. Anapiga yeye, hasubiri kupigiwa. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba ofisi yake ya Hong Kong ilitapeliwa takriban dola milioni 25 baada ya mfanyakazi kushiriki mkutano wa video ambao sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa za kutengenezwa, kwa hiyo kumwona mtu kwenye simu aliyoianzisha yeye si uthibitisho. Baada ya simu yanapita angalau saa 24, kisha hutumwa kiasi kidogo cha majaribio, na salio halitoki mpaka muuzaji ataje kwa simu kiasi kilichoingia. Gharama ya TT ya ziada inauma, ila ni ndogo kuliko mashine.

Kwa anayesaini: barua isichapwe. Aione kwenye skrini ya kompyuta, anwani kamili ikiwa wazi, au ichapwe pamoja na vichwa vyake.

Domeini ya kiwanda nayo iliwekewa kinga, kwa sababu tapeli mwenye nakala ya mazungumzo anaweza kugeuka na kuwaandikia wateja kwa jina la kiwanda. Kwenye DNS, kumbukumbu za mtandaoni za domeini, uliwekwa mstari wa SPF unaotaja seva zao tu na kuishia na -all, yaani nyingine zote zikataliwe. SPF isiyofanya kazi mara nyingi imezidisha maulizo kumi ya DNS yanayoruhusiwa. DKIM iliwashwa kwa kubonyeza tu kwenye cPanel. DMARC ilianza na p=none, ambayo haizuii kitu bali hukusanya ripoti. Wengi huishia hapo wakidhani wamekingwa. Baada ya wiki nne, ripoti zilipoonyesha kwamba barua zote halali zinapita, waliipandisha kuwa p=quarantine (barua ya shaka iwekwe kando), kisha p=reject (ikataliwe kabisa).

Tungeomba AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), wenye maghala, na mawakala wa pembejeo wa Mtwara na Lindi wasione kisa hiki ni cha wanaoagiza nje tu. Wakati wa salfa, dawa ya mikorosho, akaunti ya msambazaji ikibadilika kwa barua inayodai kutoka Dar es Salaam, njia ni hii hii, na pesa za ndani huondoka haraka zaidi, kwa dakika. Wakati wa minada, faili lenye jina la matokeo ya mnada au orodha ya malipo ya wakulima litafunguliwa na kila mtu kwa sababu kila mtu analisubiri. Matangazo hayo yatafute mwenyewe kwa Bodi ya Korosho au kwenye chama kikuu chako, kupitia njia uliyoizoea, badala ya kubonyeza kilicholetwa.

Muuzaji wa India alikataa kubeba hasara, na kumbukumbu za seva zilimuunga mkono: kisanduku kilichovunjwa kilikuwa cha kiwanda. Alikubali kuishikilia mashine kwa siku 60 bila kuiuza kwa mwingine. Kiwanda kililipa dola 18,200 kwa mara ya pili, kwa akaunti ya zamani, baada ya simu mbili na malipo ya majaribio ya dola 50. Mashine ilishushwa bandarini msimu ukiwa umefika katikati. Mkataba wa oda ya vipuri iliyofuata una ukurasa wa mwisho uliosainiwa na pande zote, wenye nambari ya akaunti, msimbo wa SWIFT, namba mbili za simu za kuthibitishia, na sharti kwamba mabadiliko yoyote ya ukurasa huo ni batili mpaka usainiwe upya.